Alivyokuwa Akisimama

Askari wa zamu alitaka picha. Mshonaji akamwambia hawana.

"Hamna hata moja? Siku hizi mtu anapiga picha chakula kabla hajakila, nyie mnakosa picha ya kijana mzima?"

"Zilikuwepo. Zikaungua."

Hakusema ziliunguaje. Binti yake, aliyekuwa kwenye benchi amekumbatia mkoba wa mama yake, aliinamisha kichwa. Kitambulisho? Kijana hakuwahi kuchukua. Rafiki zake? Walikuwa na moja, ya kundi, yeye kageuza kichwa na sura imevurugika kama ukungu. Askari akavuta karatasi kwa uchovu wa mtu anayejua haitasomwa.

"Haya, nieleze alivyo."

Mshonaji alifumba macho. Nguo zote alizowahi kuvaa mwanawe alizishona yeye, tangu kile kijikoti cha kitoto hadi suruali aliyoondoka nayo. "Bega kwa bega inchi kumi na saba," alisema. "Kifua thelathini na sita, lakini ongeza mbili kwa sababu hapendi nguo ya kubana. Mkono ishirini na tano. Kiuno..."

"Mama," askari alimkatiza, "unataka nimtafute au nimshonee shati?"

Wenzake nyuma ya kaunta waliangua kicheko. Hata mzee mmoja aliyekuja kulalamikia baiskeli yake iliyoibwa alicheka, akasahau shida yake kwa muda. Mshonaji naye alicheka kidogo, kama mtu anavyocheka akikanyagwa na mkubwa.

"Sura, mama. Macho, pua, mdomo."

Akafungua kinywa, na hapo ndipo lilipomkuta. Hakukuwa na kitu. Alimwona mwanawe mlangoni, alimwona ameinama kufunga kamba za viatu, alimwona anavuka uwanja na mbao begani. Lakini kila alipotaka ageuke amtazame, mahali pa uso palikuwa patupu kama kitambaa kisichokatwa.

"Ana macho," alisema. "Macho ya kawaida tu."

Nje, juani, alimshika binti yake mkono. "Nimemsahau mwanangu," akanong'ona. "Nimemzaa, na nimemsahau."

"Hujamsahau, mama. Umechoka."

"Wewe unamkumbuka?"

Binti alifungua mkoba, akaufunga tena.

* * *

Waliokuwa na karakana jirani waliiona siku kijana alipoondoka. Seremala, baba yake, alimchapa kwa rula ya mbao mbele ya wateja kwa sababu ya mlango uliopinda, kijana ambaye ndevu zilikuwa zimeanza kumchungulia kidevuni. Kijana hakulia. Aliweka randa mezani taratibu, akaenda zake. Jioni yake seremala alichukua bahasha ya picha kabatini, akaitupia kwenye jiko la kuchemshia gundi, juu ya maranda. "Asiye na mwana aeleke jiwe," alisema. "Mimi nitaeleka mbao zangu." Ilikuwa hasira ya jioni moja, nayo moto haukumngoja apoe.

Baada ya hapo kijana alikuwa akimtumia dada yake ujumbe kwenye simu yake ya vitufe. Nipo. Nina kazi. Usimwambie mzee. Kisha ujumbe ukakatika, na namba ikawa haipatikani. Mwaka ulikuwa umepita, na wa pili ulikuwa unakaribia ukingoni.

Nyumbani jina lake halikutajwa. Lakini seremala aliacha kukaa kwenye kiti kilichotazama mlango, na usipotaja jina la mtu ndani ya vyumba viwili, jina hilo huchukua nafasi kuliko kabati.

* * *

Karibu na soko palikuwa na chuo kidogo cha sanaa, ambako mshonaji aliwahi kushona aproni za wanafunzi. Alikwenda kwa mwalimu wa kuchora, mwanamke mfupi mwenye vidole vyeusi kwa makaa, akamwomba amchoree mwanawe.

"Nimchoreje mtu nisiyemwona?" mwalimu aliuliza. "Nikimchora mimi, nitakupa mtoto wa mtu mwingine. Wewe ndiye uliyemwona. Kaa uchore."

"Mwalimu, mimi hata ua sijui kuchora."

"Vizuri. Wanaojua kuchora ua ndio wananisumbua. Ada utanilipa kwa aproni."

Akawekwa nyuma ya ubao, katikati ya vijana waliomwita bibi ingawa hakuwa na umri huo. Mbele, juu ya meza, alisimama mlinzi wa chuo na nguo zake za kazi. Mwalimu akigonganisha viganja, mlinzi anabadili mkao. Mshonaji alikuwa hajamaliza kola, kofi likalia. Akaanza kifungo, kofi likalia. Hadi mwisho wa saa alikuwa na vipande vya mtu vilivyotawanyika, na vijana walivitazama kwa kuibia wakibana midomo.

Mwalimu aliangalia karatasi yake. "Umechora shati, mama. Mtu yuko wapi?"

"Uso ndio ninaoutaka, mwalimu. Nifundishe uso tu."

"Uso ni wa mwisho. Ukianza na uso utachora kinyago. Tazama mlinzi. Uzito wake uko mguu upi?"

Mshonaji alitazama. "Wa kulia."

"Umejuaje?"

"Nyonga imepanda huku. Na bega la huku limeshuka, kama nguo iliyotundikwa vibaya."

"Basi hiyo ndiyo kazi. Mstari mmoja, kutoka kisogoni, upite mgongoni, uteremke hadi kisigino kinachobeba mzigo. Usichore mkono. Chora mkono unafanya nini."

Ilimchukua muda mrefu, naye alichelewa kuliko wote. Alikuwa na ugonjwa wa washonaji: kila kitu alikilaza bapa, mbele na nyuma, kama vipande vya kukata. Mlinzi akinyoosha mkono kumwelekea, yeye aliuchora mrefu kwa sababu alijua ni mrefu, na mkono ukaonekana kama umeng'olewa na kuwekwa pembeni. Siku ya nguzo ndiyo iliyomvunja. Waliketi mwisho wa ukumbi mrefu wa chuo, wakaambiwa wachore nguzo zinavyokwenda.

"Zote zinalingana," mshonaji alisema. "Najua zinalingana."

"Unajua. Unaona nini?"

Aliinua kalamu mbele ya jicho moja, kama walivyofundishwa, akapima. Nguzo ya mwisho ilikuwa ndogo kuliko kucha yake. Akapima tena. Kisha akaiweka kalamu chini, akashindwa kuishika tena.

Kichochoro cha kwao kilikuwa kirefu na chenye kuta pande zote mbili. Siku ile mwanawe alikishika hadi mwisho. Lazima alikwenda akipungua, kutoka mtu mzima hadi kucha, hadi nukta. Na yeye alikuwa dirishani kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, anawahi kumaliza sare za watu. Alisikia hatua. Hakuinua macho.

* * *

Alianza kubandika michoro ukutani, juu ya cherehani. Watu wa makaa waliosimama, walioinama, waliojishika kiuno, wote bila nyuso. Walizidi wiki hadi wiki. Mlango ukifunguliwa upepo uliingia, na wote walitikisika pamoja kama umati uliosikia habari.

"Mama, wageuze watazame ukuta," binti alimsihi. "Nikiwapa mgongo nahisi wananiangalia."

"Hawana macho, watakuangalia na nini?"

"Ndiyo maana naogopa."

Mteja mmoja alikataa kuvua koti apimwe mbele ya watu wale. Akaipeleka nguo yake kwa fundi mwingine. Jirani akauliza, kwa mdomo mtamu, kama mshonaji ameanza uganga. Seremala hakusema kitu. Alikuwa akila akiwa ameegemea mlango, nusu nje, na chakula chake kilipoa mkononi.

Siku moja tu alifungua kinywa. "Mkaa wa kupikia umeugeuza kalamu. Na mtu mwenyewe huyo, umempata?"

"Bado."

"Basi acha kunijazia nyumba maiti."

Neno likishatoka, halirudi. Wote watatu walilisikia likitua. Seremala aliweka sahani chini, akarudi karakanani, na siku hiyo sauti ya msumeno haikusikika.

* * *

Alimpata pasipo kumtafuta. Alimpelekea mumewe chai karakanani, na kabla hajavuka kizingiti akasimama. Seremala alikuwa ameipa mgongo njia, anangoja gundi ikamate. Uzito wote kaulaza mguu wa kushoto. Bega la upande ule limeshuka, kichwa kimeelekea bega lingine, kama anasikiliza mtu mfupi. Mkono wa kulia ulikuwa nyuma, umeshika kiwiko cha wa kushoto.

Chai ilimwagika kidogo, ikamchoma mguu. Pale alikuwa amesimama mwanawe.

Alikaa juu ya rundo la mbao, akatoa karatasi. Mstari mmoja, kisogo hadi kisigino. Nyonga. Bega. Fremu ya mlango nyuma yake, ili urefu ujulikane. Hakukuwa na kofi la kumkatiza, lakini alichora kwa kasi ile ile, kana kwamba kijana angeondoka.

Seremala aligeuka. "Unamchora nani?"

"Wewe."

Akaja, akaichukua karatasi. Alitazama, akaisogeza karibu na macho.

"Mimi sisimami hivi," alisema.

"Unasimama."

"Huyu ni..." Hakumaliza. Aliirudisha karatasi kwa uangalifu, kama kitu cha moto, kisha akaanza kupiga randa ubao ambao ulikwisha nyooka tangu asubuhi. Aliupiga hadi ukabaki mwembamba usiofaa kitu.

Zilipita siku kadhaa za kukwepana. Kisha alasiri moja, mshonaji akiwa kwenye cherehani, mumewe aliingia amenawa vumbi hadi viwiko. Amevaa shati la kijana, lile ambalo lilibaki kwenye kamba siku alipoondoka. Lilimbana kifuani.

"Nisimame wapi?" aliuliza.

Mshonaji alisogeza meza. "Hapo, penye mwanga. Nipe mgongo, kisha geuka kidogo. Basi."

"Mkono alikuwa anauweka wapi?"

"Hapo hapo ulipouweka, baba watoto. Usiuondoe."

Alichora. Binti aliingia kutoka kibaruani, akamwona mwanamume wa shati lile penye dirisha, akatoa sauti ndogo na kushika ukuta. Kisha akatambua, akaketi sakafuni bila kuvua viatu. Baada ya muda mabega ya seremala yalianza kutetemeka.

"Usitikisike," mshonaji alimwambia kwa upole.

"Siwezi."

"Jitahidi. Nikikosa mgongo nitamkosa tena."

Akajitahidi. Machozi yalimshuka hadi kwenye kola, na hakuinua mkono kuyafuta, kwa sababu mkono ule haukuwa wake wakati huo. Alisimama hadi mwanga ukaisha.

* * *

Askari aliutazama mchoro, akaugeuza juu chini kwa mzaha. "Mama, sasa umeniletea mgongo. Nikamate migongo yote?" Lakini hakucheka sana, na alipomrudishia aliukunja pole pole.

Binti alitoa nakala, wakazibandika stendi, sokoni na kwenye kuta ambazo vibarua huegemea wakingoja kazi. Watu walipita. Mmoja alimwongezea mtu yule sigara. Mvua ikachukua nyingine.

Kisha mwanamke mmoja alifika mlangoni, mnene, harufu ya moshi wa kuni imemganda nguoni. Mkononi alikuwa na nakala, imekunjwa mara nyingi. Alisema yeye ni mpishi wa machimbo ya mawe, upande wa pili wa mji.

"Huyu ni Mshazari," alisema.

"Nani?"

"Sisi tulimwita hivyo. Kwa kusimama kwake. Hakuwahi kusimama wima hata akisubiri chakula." Akatazama ukuta wenye watu, akameza mate. "Ni nani wenu?"

"Mwanangu. Yuko huko?"

Mpishi aliitazama nakala, si mshonaji. "Twendeni kesho, mama. Tena na baba yake aje. Kuna maneno hayasemwi mlangoni."

Mshonaji hakuuliza tena. Alimkaribisha chai, akamwekea sukari nyingi mno, na wote wawili waliinywa hivyo hivyo.

* * *

Machimbo yalikuwa shimo kubwa jeupe. Chini kabisa vibarua walichuchumaa wakiponda kokoto, wadogo kama punje, na milio ya nyundo zao ilifika juu ikiwa imechelewa. Njia ya kushukia ilikuwa ya changarawe zinazoteleza. Seremala alitangulia ili wanawake washike alipokanyaga.

Alikuwa karibu kufika chini pale nyundo zilipoanza kunyamaza, moja moja, hadi likasikika jiwe likibingirika peke yake. Vibarua walikuwa wamesimama. Kijana mmoja alirudi nyuma, akajikwaa, akakaa juu ya rundo la kokoto bila kuhisi. Seremala hakuelewa. Alisimama ili avute pumzi, mkono ukaenda nyuma, ukashika kiwiko.

Mzee mwenye taulo kichwani alisogea mbele, midomo imepauka vumbi. "Tulikuzika," alisema. "Mshazari, tulikuzika kwa mikono yetu."

Mshonaji alisikia binti yake akivuta pumzi, asiitoe.

"Si mimi," seremala alisema. "Mimi ni baba yake."

Yule mzee alimsogelea hadi akaziona mvi. "Yeye alituambia hana baba."

"Alisema kweli," seremala alijibu, akaketi pale pale kwenye changarawe.

Walimsimulia wakiwa wamemzunguka. Ukuta wa mawe ulianguka baada ya mvua. Wengine waliruka. Mshazari alikuwa ameupa mgongo. Walimtoa akiwa bado anapumua, lakini gari halikutolewa, na jioni ilipofika halikuhitajika tena. Hawakujua kwao ni wapi. Simu yake ilisagika. Waliambiwa wamzike upesi, na walimzika nyuma ya mawe mabovu.

"Nani amekufa?" Msimamizi alikuwa ameshuka, amevaa kofia ngumu, viatu vyake pekee havina vumbi. "Hapa hapajafa mtu. Vibarua wanakuja, wanaondoka. Nani anawaleta wageni humu?"

Vibarua walitazama chini. Mpishi alionyesha kwa kidevu: tuta fupi, na mawe yaliyopangwa vizuri kuzunguka. Mshonaji alikwenda hapo, akagusa udongo kwa kiganja, akakaa. Alikaa kimya hadi msimamizi mwenyewe akaanza kuhangaika. Kisha akatoa karatasi mkobani, na kipande cha mkaa.

"Mimi ni mama yake," aliwaambia. "Mgongo wake ninao. Sura imenitoka. Ninyi mlimwona mwisho. Nisaidieni."

"Atakayefungua mdomo," msimamizi alisema, "kesho asije."

Nyundo zilikuwa kimya mikononi mwao. Kila mmoja hapo alikuwa na watu wanaomngoja jioni, na mshonaji alilijua hilo, wala hakuwaomba mara ya pili.

"Mimi kazi yangu ni sufuria," mpishi alisema ghafla. "Nyundo siijui. Nyusi zake zilikaribia kugusana, mama. Akicheka moja ilipanda."

Mkaa ukaanza kusema juu ya karatasi.

"Si nyembamba hivyo," alisema yule mzee wa taulo. Alivua taulo lake, kama mtu anayeingia mahali pa heshima. "Nzito. Na ndevu alikuwa nazo. Hadi hapa."

"Mwanangu hana ndevu."

"Alikuwa nazo, mama."

"Pua ilivunjika kidogo juu," akasema yule kijana kutoka kwenye rundo la kokoto. "Mwaka jana. Nyundo yangu iliruka. Hakunisema kwa mtu."

"Na kovu hapa, la chokaa."

"Macho yamezama ndani. Sote yamezama, ni hili jua."

Walikuwa wanasema wote sasa, wameinama juu ya bega lake, wakisahihishana. Mmoja alimshika mkono akausogeza. Msimamizi alipaza sauti mara moja tena, kisha akapanda juu, simu sikioni. Hawakumgeukia. Mshonaji alichora, akafuta kwa kidole, akachora. Aliuliza kama taya lilikuwa pana hivi, na midomo ilifungwaje alipokuwa amechoka. Walimjibu.

Hatimaye wakanyamaza. Yule mzee alipangusa macho kwa taulo. "Ndiye," alisema.

"Ndiye," wakaitikia wengine. "Ndiye huyo." Kijana wa nyundo aligeuka akaenda kusimama peke yake.

Mshonaji aliinyoosha karatasi mbele yake. Mwanamume mwenye ndevu alimtazama, pua imepinda, macho ya mtu aliyezoea jua na vumbi. Alimtazama kwa muda mrefu. Hakumjua. Angepishana naye sokoni asingegeuka.

Seremala alijikokota hadi hapo, akaketi kando yake udongoni. Alitazama karatasi. Alitaka kuigusa, akaona vidole vyake, akavirudisha.

"Amekuwa mtu mzima," alisema.

Binti alipiga magoti nyuma yao. "Twendeni kituoni," alisema. "Tuondoke kabla msimamizi hajarudi na watu wake."

"Nitakwenda nanyi," yule mzee alisema, na wengine wawili wakaweka nyundo chini. "Nitawaambia nilimshika miguu tulipomzika."

"Ngojeni kidogo," mshonaji aliwaambia. Alishika karatasi kwenye kingo, asije akamchafua, akaendelea kumtazama yule mgeni, hadi macho yakaanza kumzoea.